Barafu Upande wa Ndani

Gari la Beryl Threlkeld halikufungwa kwa ufunguo hata siku moja, na kijiji kizima cha Skelbeck kilijua. Lilikuwa gari dogo la kijani, la watu wawili waliobanana, lenye paa la turubai jeusi la kukunja na kidirisha cha plastiki laini kwa nyuma. Mwenye gari la namna hiyo hafungi mlango. Ukifunga, mwizi hahangaiki na kitasa. Anatoa kisu anapasua turubai, na ndani anachofuata ni glavu za sufu na peremende tu. Yalimpata daktari wa mifugo, mbele ya baa, mchana kweupe. Kwa hiyo Beryl aliuacha mlango bila kuufunga, hakuacha kitu ndani, akalala usingizi wake. Mwizi akija aingie, akute patupu, atoke na adabu zake.

Mimi nisingelala. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nimeuza magazeti kwenye kona ya kanisa tangu marehemu mume wangu aliponiachia duka, na anayefungua duka gizani asubuhi za Januari hujifunza kutoamini nyayo anazosikia kabla hajaona sura. Marehemu alikuwa akisema, Thelma akipewa zawadi kwanza ainuse. Sioni kosa langu hapo.

Beryl alikuwa ameshona mahema kiwandani maisha yake yote ya kazi, mahema ya wale wendawazimu wanaokuja kulala milimani kwetu kwa hiari yao. Kitambaa alikijua pamoja na tabia zake mbaya. Turubai la gari alilishona mwenyewe kwenye meza ya jikoni, Wilf mumewe akishika upande wa pili na kulalamika. Baridi ilipoanza alikuwa na taratibu zake. Theluji aliifagia kwa ufagio laini, kutoka katikati kwenda nje, hakuikwangua. Kile kidirisha cha plastiki alikifunika kwa gaguro lake kuukuu la flaneli. Matundu ya kutolea maji aliyazibua kwa sindano ya kufumia. Kulifunika gari kwa nailoni alikataa kabisa, maana nailoni hufungia unyevu ndani na turubai likaota kuvu. Na kulikuwa na sheria kuu, ambayo watu wa mtaani walimwimbia kumtania: turubai halikunjwi likiwa limelowa, wala halikunjwi kwenye barafu. Plastiki ikishikwa na baridi hugeuka kigae, ukiikunja imekwenda. Hata likiwa kavu, alitandika taulo penye mkunjo lisisuguke.

Hata kuliegesha alikuwa na utaratibu. Hakuliweka mbele ya nyumba yao, kwa kuwa theluji ya paani huporomoka kwa kishindo. Aliliweka juu kidogo, kwenye ukuta wa kanisa, ambako upepo haufiki na jua la asubuhi, siku likikumbuka kutoka, hulikausha.

Watu walidhani ni mapenzi ya gari. Haikuwa hivyo. Wilf alichimba mawe ya kuezekea tangu ujana wake, na vumbi la mawe yale lilikuwa limemjaa kifuani. Kuvu kidogo tu, harufu ya kabati lenye unyevu, ilitosha kumkohoza mpaka midomo inageuka rangi. Na kulikuwa na jambo moja alilolisubiri mwaka mzima: Jumatatu ya Pasaka, paa limekunjwa, yeye na mkewe mpaka baharini, blanketi magotini na chupa ya chai katikati. Daktari alikuwa amemwambia milima basi, kiko basi, bia moja tu. Pasaka hakuigusa. Sasa gari likiota kuvu, Wilf hawezi kukaa ndani yake, na Pasaka hana. Hilo ndilo lililomtoa Beryl kitandani na ufagio.

Na kulikuwa na habari ya Isaac. Isaac, kaka yake Wilf, mwenye kifua kile kile cha machimbo, aliingia hospitali ya mjini kwa miguu yake mwenyewe, amevaa tai. Alirudi kwenye sanduku. Tangu hapo Wilf aliapa hakanyagi pale. Beryl naye aliapa, tena mbele yangu dukani.

"Siku nitakayosikia kikohozi cha Isaac kwenye kifua chako, nakupakia kwenye gari nakupeleka. Utake usitake."

Wilf alichukua gazeti lake akatoka.

Mwaka ule baridi ilikuja mapema na ikakaa. Asubuhi moja Beryl aliingia dukani nikiwa bado nakata kamba za magazeti. Alikuwa na ufagio mkononi, akaufunga mlango kwa mgongo.

"Thelma, nani anaingia kwenye gari langu?"

"Umeibiwa nini?"

"Kuna nini cha kuiba? Njoo uone."

Nikavaa koti nikamfuata. Mtaa mzima magari yalikuwa yameganda, lakini yaliganda kwa nje, kama inavyostahili. La Beryl lilikuwa limeganda kwa ndani. Vioo vilijaa maua ya barafu upande wa kiti, na kile kidirisha cha plastiki kilikuwa cheupe. Beryl alifungua mlango akaingiza mkono, akapitisha kidole kwenye turubai juu ya kiti cha dereva. Kidole kikatoka kimelowa.

"Gari tupu halipumui," alisema. "Hii ni pumzi ya mtu, Thelma. Mtu amekaa humu, tena kakaa sana, na pumzi yake yote imenywewa na turubai langu."

"Labda ni leo tu."

"Siyo leo tu. Nimefuta juzi, nimefuta jana. Likiendelea hivi litaota kuvu, na Wilf wangu atakaa wapi Pasaka? Juu ya boneti?"

Kufika dukani, kichwani mwangu nilishapata washukiwa wa kujaza gereza. Kulikuwa na yule mwalimu mpangaji, kijana wa nywele ndefu, ambaye mama mwenye nyumba alimkataza sigara. Kulikuwa na Lanty wa baa, aliyefukuzwa na mkewe mara nyingi kuliko paka. Lakini kura yangu nilimpa Gilpin wa mikate. Gilpin alipita kila alfajiri na gari lake la kusambazia, akicheka peke yake. Mtu anayecheka kabla ya jua kutoka ana jambo.

Beryl alitega uzi mweusi wa cherehani, kutoka kitasa cha mlango mpaka kwenye kioo cha pembeni. Asubuhi yake uzi ulikuwa umekatika. Hapo hatukuwa na shaka tena, tulikuwa na hasira. Gilpin alipoingia na trei ya mikate, nilimngoja penye kaunta.

"Gilpin, ukimaliza kushusha mikate unapumzika wapi?"

"Kifuani kwako, Thelma, siku utakayoniruhusu."

"Sina mzaha na wewe. Nasema gari la Bi Threlkeld."

Beryl akajitokeza nyuma ya rafu ya kadi za Krismasi, ufagio begani. Gilpin alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaweka trei chini.

"Bi Threlkeld, mimi nina gari limejaa mikate ya moto. Mle ndani unaweza kulala uchi mwezi wa Januari. Nifuate nini kwenye jokofu lako?"

"Uzi wangu umekatika."

"Basi mtafute mwenye mkasi."

"Unapita pale kila siku kabla watu hawajaamka. Mwingine nani?"

"Mwingine nani!" Sasa hakuwa anacheka. "Mnanigeuza mwizi wa pumzi, eti? Haya, nikwambie, mama yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Anza kutafuta nyumbani kwako."

Beryl akaubeba mkate aliokuwa ameununua akaurudisha kwenye trei.

"Nyumba yangu usiitukane," alisema. Tangu siku ile wakawa wanakula mikate ya shayiri ya kuoka wenyewe, migumu ya kuvunjia madirisha, na Wilf akiitafuna bila neno.

Wilf ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko sisi sote. Alikuwa na desturi ya machimbo: aliamka kabla ya mkewe, akawasha moto, akatoka kuja kuchukua gazeti, kiangazi na masika. Kumwona barabarani gizani hakukumshtua mtu. Ila majira yale alikuwa akifika kwangu amechelewa, macho mekundu, akishika kaunta kwa muda kabla ya kusema anachotaka, kana kwamba mimi nauza mara gazeti mara samaki. Nikimpa kigoda anakataa.

"Barafu tu hii," anasema. "Inabana."

Siku Beryl aliposema sasa basi, gari atalifunga kwa ufunguo, tulikuwa watu kadhaa dukani. Wilf ndiye aliyepinga.

"Funga, halafu walipasue turubai," alisema. "Si ndiyo sheria yako?"

"Tangu lini wewe unalionea uchungu turubai?"

"Tangu uliponioa."

Watu wakaangua kicheko, na Beryl mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka. Miaka yote ile Wilf alikuwa akiliita lile hema lako, na zaidi ya kushika upande wa pili siku ya kushona, hakuwahi kulijali. Leo amekuwa wakili wake. Alipotoka nilimwangalia kwa dirishani mpaka akapotea, na sikupenda alivyokuwa akigusa ukuta.

"Beryl," nilimwambia tulipobaki wawili, "kikohozi cha Wilf kimekwenda wapi?"

"Kimekwisha. Asali na kitunguu."

"Kikohozi cha miaka yote ile kimeaga hivi hivi?"

"Sasa wewe ulitaka arudie kukohoa ili roho yako itulie?" Alikasirika kweli. "Nalala usiku kucha, Thelma. Kwa mara ya kwanza tangu Isaac afe nalala. Wewe hata jua likitoka utaliuliza lilikuwa wapi."

Nikamtazama vizuri. Uso wake ulikuwa umejaa kidogo, alama nyeusi chini ya macho zilikuwa zimeondoka, na mimi nani nimnyime mtu usingizi?

Tukakubaliana kumvizia huyo mgeni. Beryl alimwambia Wilf kwamba Jumamosi anawahi kuja kunisaidia kupanga magazeti, yale ya Jumamosi yenye kurasa nyingi. Wilf hata hakuuliza zaidi. Alisema tu, "Sawa, mke wangu, jifunike," na hilo nalo lilinikera Beryl aliponisimulia. Mwanamume ambaye mkewe anatoka gizani na ufagio huuliza.

Tulijibanza kwenye ukumbi mdogo wa mlango wa kanisa, yeye na ufagio wake, mimi na fimbo ya marehemu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulinong'ona tukibishana ni nani atampiga kwanza.

Mara tukasikia nyayo. Zilipanda polepole, zikasimama, zikapanda tena. Halafu tukaona kivuli kimeinama, kofia mpaka kwenye nyusi na skafu mdomoni, mkono mmoja ukifuata ukuta. Kilikifikia kitasa cha gari bila kukipapasa. Kikaingia, kikauvuta mlango taratibu sana, kwa namna ambayo turubai halikutikisika.

"Anazijua desturi za gari," nilinong'ona. "Si mgeni huyu."

"Nyamaza. Acha akae atulie."

Ndipo kikohozi kikaanza. Kilikuja kimezimwa na turubai, kwanza kidogo kidogo, halafu kikafunguka, kirefu, chenye kukwaruza, kikimchukua mtu mpaka mwisho wa pumzi na kumwacha hapo. Beryl alikuwa ameshainua ufagio. Ukabaki juu vile vile.

"Isaac," alisema.

Kisha akatupa ufagio akakimbia juu ya barafu, mwanamke wa umri ule. Nilipofika alikuwa ameshafungua mlango. Wilf alikuwa ameteleza chini ya usukani, magoti yamekwama, skafu imemganda mdomoni na ina madoa meusi ambayo hayakuwa matope. Usiku kucha alikuwa akikibana kifua chake kitandani ili mkewe asisikie, na alfajiri akakileta hapa kukifungulia.

"Ungenipeleka," alisema kwa shida.

"Ningekupeleka, ndiyo! Ningekupeleka!"

Tulimvuta. Kila tulipomvuta kifua kilikunjika na pumzi ikakatika, akawa anatukodolea macho tu. Mlango ule ulikuwa tundu, hata mzima hutoka kwa kutambaa. Beryl alikuwa akilia na kumtukana kwa pamoja. Ndipo taa za Gilpin zikapinda kwenye kona. Alisimamisha gari katikati ya njia, akaja mbio, akaangalia, na hakuuliza swali hata moja, ingawa alikuwa na haki ya kuuliza mengi.

"Hatoki kwa hapa," alisema. "Kifua hicho mkizidi kukikunja mnammaliza. Labda angeinuliwa wima, kwa juu..."

Akaishia hapo, kwa sababu alikuwa akilitazama turubai. Lilikuwa limekakamaa kwa barafu kuanzia mbele mpaka nyuma. Hata Gilpin aliijua ile sheria.

Beryl alishafika kwenye vibanio vinavyolishika turubai juu ya kioo cha mbele. Alifyatua cha kulia kwa kiganja, cha kushoto kwa ngumi, akalishika turubai kwa mikono miwili akalitupa nyuma kwa mara moja, bila taulo, bila kulainisha, bila chochote alichotufundisha. Kidirisha cha plastiki kikapasuka kwa mlio wa sahani iliyokanyagwa na kiatu. Mlio ule ulikwenda mpaka mwisho wa mtaa.

Wilf akafumbua macho.

"Beryl," alisema, "umelikunja kwenye barafu."

"Nyamaza upumue."

"Kwenye barafu, wee mwanamke."

Naapa alikuwa anacheka. Gilpin alimshika chini ya makwapa akamwinua moja kwa moja kwenda juu, mimi nikashika miguu, tukamlaza katikati ya trei za mikate ya moto. Beryl akapanda akakaa naye, kichwa cha mumewe mapajani. Siku ile Skelbeck haikupata mkate, na hakuna aliyelalamika.

Mimi nilibaki na gari. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka kwenye viti, nikahangaika na lile turubai gumu mpaka vidole vikafa ganzi, nikalirudisha nusunusu na kuziba ufa kwa magazeti ya Jumamosi.

Wilf hakurudi. Alidumu hospitalini mpaka theluji ilipoyeyuka mashamba ya chini. Gilpin alimpeleka Beryl kila siku, akimpitia baada ya kushusha mikate, na hakuwahi kuutaja ule uzi. Daktari alisema kama angekuja wakati wa vuli, pengine. Msinitajie mficha maradhi, methali ninaijua. Mtu aliyempokea kaka yake kwenye sanduku ana haki ya kuogopa mlango ule, na mimi namkasirikia Wilf mpaka leo kwa kuogopa kwake.

Jumatatu ya Pasaka Beryl alisimama mlangoni kwangu amevaa koti la safari.

"Chukua kofia," alisema. "Na blanketi."

Kidirisha alikuwa ameshakishona kipya, mshono mzuri usioonekana. Jua lilikuwa limetoka kweli na turubai lilikuwa kavu. Niliingia, nikakaa upande wa pili, na nilipoinua macho nikaliona: juu ya kiti cha dereva, kwenye kitambaa cha ndani, doa jeusi la kuvu, ukubwa wa sahani, mahali hasa ambapo uso wa mtu aliyekaa huelekea anapokohoa. Nikatoa leso yangu.

"Beryl, hapa kuna doa la kuvu."

"Nalijua."

"Hilo linatoka kwa siki. Ngoja nikimbie dukani niilete, nilifute kabla halijasambaa."

Alinishika mkono, akaushusha mpaka kwenye mapaja yangu.

"Acha," alisema. "Ni la Wilf."

Kisha akashuka, akafyatua vibanio kimoja baada ya kingine, akaanza kulikunja turubai polepole. Lilipofika penye mkunjo alisimama, akachukua taulo safi kutoka kwenye mkoba wake, akalitandika hapo katikati ili doa lisisuguliwe.